Kitabu cha Katuni Si Rasimu ya Sinema

Kuna kauli iliyosemwa mara nyingi hadi watu wameacha kuihoji. Utaisikia vijiweni Dar es Salaam, utaisikia kwenye foleni za kumbi za sinema Nairobi, na utaisikia hata kwa baadhi ya wachapishaji wa Marekani wenyewe: kwamba kitabu cha katuni siku hizi ni ghala la wahusika, kwamba kazi yake ni kuzaa filamu, na kwamba filamu ikishatoka kitabu hakina tena la kusema. Anayetaka kumjua Batman atazame sinema. Anayetaka kumjua Spider-Man afanye vivyo hivyo. Kitabu wameachiwa watoto, wakusanyaji wa vitu vya zamani, na watu wazima wachache wanaodhaniwa hawajakua.

Kauli hiyo si ya kweli, na ina madhara. Inamkosesha msomaji kazi zinazochorwa leo kwa ustadi ambao kamera haiufikii. Inampa mwenye kampuni sababu ya kumlipa mchoraji ujira mdogo kwa madai kwamba faida iko kwingine. Tena inamwambia kijana wetu mwenye kipaji kwamba hadithi aliyoichora kwa wino wake haijakamilika mpaka atokee mtu wa kamera aikamilishe. Mimi ni mpenzi wa katuni na sioni haya kuutetea upenzi huo. Nitautetea kwa kutaja vitabu, kwa sababu ubishi kuhusu katuni usiotaja vitabu ni kelele tupu.

Kwanza tuwatendee haki wenye kauli hiyo, kwani hawakuitoa hewani. Disney iliinunua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4, na haikumwaga fedha hizo kwa ajili ya majarida ya kurasa ishirini na kitu. Filamu ya Avengers: Endgame ya mwaka 2019 peke yake iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.7. Washindani wao, DC, wamo ndani ya himaya ya Warner, na mwaka 2020 kampuni mama ilipopunguza wafanyakazi, mhariri mkuu wa DC, Bob Harras, alikuwa miongoni mwa walioondolewa. Mtu akizitazama hesabu hizo ataona kwamba mbele ya mwenye mali, karatasi ni kitu kidogo na skrini ni kitu kikubwa. Hilo sibishani nalo. Ninachobishia ni hatua inayofuata, pale watu wanapochukua daftari la mahesabu la tajiri na kuligeuza kuwa kipimo cha sanaa.

Tuanze na sanaa yenyewe. Mwaka 1989 Richard McGuire alichapisha katuni ya kurasa sita iitwayo Here katika jarida la Raw, lililohaririwa na Art Spiegelman na Françoise Mouly. Mwaka 2014 akaikuza ikawa kitabu kizima. Kila unapofunua unaona pembe ileile ya chumba kilekile. Kinachobadilika ni mwaka. Lakini McGuire haipangi miaka kwa mfuatano. Ndani ya picha ya mwaka mmoja anapachika fremu ndogo za miaka mingine, kila moja na tarehe yake kwenye kona, hivi kwamba mkaaji wa karne ya ishirini, mnyama wa zama ambazo nyumba haijajengwa, na mafuriko ya wakati ambao haujafika wote wanakaa ukurasa mmoja. Msomaji anaangalia anakotaka. Anarudi nyuma kurasa arobaini kuhakikisha kama aliyemwona mtoto ndiye yule mzee. Wakati wote uko mbele yake kwa mkupuo, na hakuna anayemharakisha.

Mwaka 2024 Robert Zemeckis aliifanya Here kuwa filamu. Huyu si mwanagenzi. Ndiye mwongozaji wa Forrest Gump, na aliwachukua Tom Hanks na Robin Wright walewale. Aliiheshimu asili kwa uaminifu mkubwa: kamera ikasimama mahali pamoja, na visanduku vya miaka mingine vikawekwa juu ya skrini kama kwenye kitabu. Filamu ikaanguka sokoni, na wahakiki wengi hawakuipokea vizuri. Sababu haikuwa uvivu wala waigizaji wabovu. Kwenye skrini kisanduku hufunguka, hukaa kwa muda aliouamua mhariri, kisha hutoweka. Mtazamaji hawezi kukishika. Kilichokuwa uhuru wa jicho kikawa foleni ya matukio. Mtu akiniambia kwamba katuni ni filamu isiyo na bajeti, namwomba aviweke viwili hivyo kando kwa kando, kisha anieleze ni bajeti ya kiasi gani ingekiokoa kile kilichopotea.

Scott McCloud alilieleza jambo hili tangu mwaka 1993 katika Understanding Comics, kitabu cha nadharia kilichochorwa chote kama katuni. Hoja yake kuu inahusu ule mwanya mtupu kati ya fremu na fremu. Mchoraji anaonyesha kabla na baada. Tukio lenyewe hutendeka akilini mwa msomaji, kwa kasi yake na kwa hofu zake mwenyewe. Filamu ina mikato yake, ndiyo, lakini haimpi mtazamaji nafasi ya kusimama kwenye mkato na kukaa hapo. Katuni huishi katika kituo hicho.

Au tuchukue Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotoka kati ya 1986 na 1987. Sura ya tano imepangwa kama kitu na taswira yake kiooni: mpangilio wa ukurasa wa kwanza unalingana na wa mwisho, wa pili unalingana na wa pili kutoka mwisho, hadi pande mbili zikutane katikati. Msomaji anaweza kuihisi hiyo mizani bila kujua kwa nini. Anaweza pia kurudi, akazilinganisha kurasa mbili kwa vidole vyake. Zack Snyder alipoifanya Watchmen filamu mwaka 2009 alizifuata picha nyingi za Gibbons kwa karibu mno. Mizani hiyo haikuvuka, kwa sababu haikuwa ndani ya picha moja moja. Ilikuwa ndani ya kitabu kama kitu kinachoshikwa mkononi, kinachofunuliwa na kufungwa.

Wapo watakaokubali haya yote kisha waseme: sawa, katuni ni sanaa yake, lakini bila filamu nani angeisoma? Filamu ndiyo inayoleta wasomaji. Hoja hii ndiyo inayorudiwa kwa ujasiri mkubwa zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Tazameni Wakanda, nchi ya kubuni ya Black Panther katika vitabu vya Marvel. Mwaka 2016 Ta-Nehisi Coates alianza kuandika Black Panther, na Novemba mwaka huohuo Marvel ikaanzisha jarida la pembeni, World of Wakanda, lililoandikwa na Roxane Gay na Yona Harvey, huku Alitha Martinez akiwa miongoni mwa wachoraji wake. Lilihusu Dora Milaje, wanawake walinzi wa kifalme. Filamu ya Black Panther ilikuwa imeshatangazwa na dunia nzima inaisubiri. Kama kweli filamu ndiyo mlango wa wasomaji, kampuni inayomiliki vyote viwili ingelilinda jarida hilo kwa wivu. Badala yake Marvel ililifuta mwaka 2017 baada ya matoleo sita. Februari 2018 filamu ikatoka, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na mashabiki waliotoka ukumbini wakiwa na kiu ya kujua zaidi kuhusu Dora Milaje hawakukuta jarida linaloendelea. Miezi michache baadaye World of Wakanda likatunukiwa tuzo ya Eisner, tuzo yenye heshima kubwa katika tasnia hii. Wahakiki walikuwa wamekiona kitabu. Mwenye kitabu alikuwa anaangalia skrini.

Kuna ushahidi mwingine ambao majaliwa yenyewe yalituletea. Mwaka 2020 kumbi za sinema zilifungwa kwa sababu ya korona, na Marvel Studios haikutoa filamu hata moja mwaka huo. Kwa mantiki ya wapinzani wangu, vitabu vilipaswa kuzimika. Makadirio ya ICv2 na Comichron, ambayo ndiyo yanayotumiwa sana katika biashara hii, yanaonyesha kwamba mauzo ya katuni Marekani na Kanada yalikuwa dola bilioni 1.21 mwaka 2019, na kufikia mwaka 2021 yalikuwa yamepita bilioni 2. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na manga za Japani na vitabu vya watoto. Naam, hata hizo ni katuni. Anayezitoa kwenye hesabu ili aweze kusema katuni imekufa anakuwa ameuchagua ushahidi unaompendeza.

Ubaya wa fikra hii unaonekana zaidi pale wachapishaji wanapoiamini. Kimezaliwa kizazi kizima cha majarida yanayoandikwa kama maombi ya kazi Hollywood: fremu pana zinazoiga skrini, mazungumzo mafupi, wahusika wanaofanana na waigizaji fulani, na hadithi inayokomea pale ambapo mkataba wa filamu unaweza kusainiwa. Mfano unaojulikana ni Cowboys & Aliens. Wazo lake lilishauzwa kwa watengenezaji wa filamu katika miaka ya 1990. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 2006, na filamu ikaja mwaka 2011 ikiwa na Daniel Craig na Harrison Ford. Waigizaji wakubwa hao hawakuweza kuifanya filamu ile ikumbukwe, na kitabu hakina wa kukililia. Kilikuwa kielelezo cha mauzo chenye jalada.

Kilinganishe na The Walking Dead. Robert Kirkman aliianza mwaka 2003 pamoja na mchoraji Tony Moore, na baada ya matoleo sita ya kwanza Charlie Adlard akashika kalamu hadi mwisho. Ilikuwa nyeusi na nyeupe tangu mwanzo. Tamthilia ya televisheni ilipoanza mwaka 2010 ikawa gumzo la dunia. Kwa mujibu wa kauli tunayoipinga, kitabu kilikuwa kimemaliza kazi. Kiliendelea kwa karibu miaka tisa zaidi, kwa njia yake, na Julai 2019 Kirkman akakifunga katika toleo la 193 bila kumtangazia mtu. Alifika hadi kuweka matangazo ya matoleo ambayo hayakuwapo, ili msomaji afike kwenye ukurasa wa mwisho bila kujua kwamba ni wa mwisho. Tamthilia ilikuwa bado inaendelea na pesa bado zinaingia. Huyo ni mwandishi aliyejua kwamba anaandika kitabu, na kwamba kitabu kina haki ya kufa kwa wakati wake. Kila ndege huruka kwa bawa lake.

Tuje sasa kwenye yanayochapishwa karibuni, maana hapo ndipo kauli ya kifo cha katuni inapochekesha wauza vitabu. Oktoba 2024 DC ilianzisha Absolute Batman, kazi ya mwandishi Scott Snyder na mchoraji Nick Dragotta. Bruce Wayne wa humo hana jumba wala mali. Ni mhandisi mtoto wa mwalimu. Baba aliuawa, mama yuko hai, na Alfred si mtumishi wake bali ni jasusi aliyetumwa kumchunguza. Wale tunaowajua kama maadui zake ni marafiki aliokua nao mtaani. Nembo ya popo kifuani inang'oka ikawa shoka. Hakuna filamu iliyokitangulia kitabu hiki, na hakifanani na filamu yoyote ya Batman iliyowahi kutoka. Toleo la kwanza lilichapishwa tena na tena na likawa miongoni mwa yaliyouzwa zaidi mwaka ule. Lakini nawaombeni mkitazame hasa kwa ajili ya kurasa za Dragotta: anausonga ukurasa kwa visanduku vidogo vidogo mpaka pumzi inabana, kisha unafunua na mwili mmoja mkubwa unajaza nafasi yote. Nguvu ya pigo hilo inatokana na kidole chako kuifunua karatasi.

Ndugu yake, mfululizo wa Absolute Martian Manhunter ulioanza Machi 2025, ni wa ajabu zaidi. Mwandishi ni Deniz Camp, na Javier Rodríguez anachora na kupaka rangi mwenyewe. Mpelelezi wa FBI aliyenusurika mlipuko anaanza kuona mawazo ya watu kama moshi wa rangi. Rodríguez anaifanya rangi itende kazi ya maneno: unaisoma hofu ya mpita njia kabla hajafungua kinywa, na rangi za watu wawili zinapokutana unajua ugomvi unakuja. Ukitaka kuelewa kwa nini nasema katuni ni lugha kamili, anza hapa.

Kwa upande wa Marvel, Januari 2024 Jonathan Hickman na Marco Checchetto walianzisha Ultimate Spider-Man. Peter Parker wao ni mtu mzima, mume wa Mary Jane na baba wa watoto wawili, anayepata nguvu zake akiwa tayari ana familia ya kulisha. Waliamua pia jambo ambalo jarida la kila mwezi ndilo linaloliweza: mwezi mmoja ukipita kwa msomaji, mwezi mmoja umepita kwa wahusika. Unapolisubiri toleo lijalo na wao wanazeeka pamoja nawe. Filamu ya saa mbili itaufanyaje mwezi wa kusubiri uwe sehemu ya hadithi?

Sisi wa pande hizi tuna sababu ya ziada ya kulitazama jarida la Storm, lililoanza Oktoba 2024 likiandikwa na Murewa Ayodele wa Nigeria na kuchorwa na Lucas Werneck. Ororo, ambaye ndiye Storm mwenyewe, aliingia katika X-Men mwaka 1975, kwa mikono ya Len Wein na Dave Cockrum, na katika vitabu mama yake ni Mkenya na ujana wake umepitia Afrika Mashariki. Filamu za X-Men zilizoanza mwaka 2000 hazikuipa asili hiyo nafasi ya maana. Mtu aliyetosheka na filamu hamjui Ororo. Anajua nywele nyeupe na radi.

Na kwa wale wanaodhani katuni ni mashujaa wenye mabawa tu, kuna Feeding Ghosts ya Tessa Hulls, iliyotoka mwaka 2024. Ni habari ya vizazi vitatu vya wanawake: bibi aliyekuwa mwandishi wa habari Shanghai na kukimbilia Hong Kong katika miaka ya 1950, mama aliyelelewa chini ya kivuli cha maradhi ya akili ya bibi huyo, na binti anayejaribu kuelewa. Hulls aliifanyia kazi kwa karibu muongo mmoja, kwa wino mweusi, na mwaka 2025 ikapata tuzo ya Pulitzer katika kundi la kumbukumbu za maisha. Maus ya Art Spiegelman iliipata Pulitzer maalumu mwaka 1992. Waamuzi wa 1992 walilazimika kutafuta tuzo ya kando. Wa 2025 waliiweka katuni kwenye mashindano pamoja na vitabu vingine vyote, na ikashinda.

Watoto nao wasidharauliwe. Dav Pilkey alikuwa mwanafunzi aliyesumbuliwa na matatizo ya kusoma na kutulia, akawa anatolewa darasani na kukaa kwenye korido, na huko kwenye korido ndiko alikochora. Dog Man, mfululizo alioanza mwaka 2016, umeuzwa kwa mamilioni mengi. Filamu yake ilikuja Januari 2025, vitabu vikiwa vimeshatawala rafu kwa zaidi ya miaka minane. Raina Telgemeier hakuhitaji hata hiyo filamu: Guts yake ya mwaka 2019 ilipigwa chapa nakala milioni moja kwa mara ya kwanza, na ni hadithi ya msichana anayeumwa tumbo kwa wasiwasi.

Hapo mpinzani atanitolea habari za Diamond. Atasema: kama mambo ni mazuri hivyo, mbona msambazaji mkubwa wa katuni Marekani amefilisika? Ni kweli kwamba tarehe 14 Januari 2025 Diamond Comic Distributors, kampuni iliyoanzishwa na Steve Geppi mwaka 1982, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Lakini someni historia kabla ya kuandika tanzia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Diamond ilikuwa karibu njia pekee ya majarida kufika kwenye maduka ya katuni, na maduka hayo hununua mzigo bila haki ya kuurudisha usipouzwa. Mwaka 2020 Diamond ilisitisha usambazaji wa matoleo mapya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya korona. DC ikaondoka mwaka huohuo. Marvel ikahamia Penguin Random House mwaka 2021. Mchapishaji Image naye akaenda kwa msambazaji Lunar mwaka 2023. Kilichoanguka ni ukiritimba uliokimbiwa na wateja wake wakubwa. Matoleo yaleyale yaliendelea kuuzwa, yakipitia milango mingine.

Walioumia wanastahili kutajwa, kwa sababu wao ndio habari yenyewe. Ni wachapishaji wadogo waliokuwa wamepeleka vitabu vyao kwenye maghala ya Diamond kwa mali kauli, kisha wakajikuta mahakamani wakigombea bidhaa zao wenyewe zisiuzwe kulipa madeni ya mtu mwingine. Hao ndio wanaochapisha vitabu ambavyo Hollywood haijavisikia. Mpenzi wa katuni anayetaka kusaidia aanze kwao: anunue moja kwa moja kwa mchapishaji au kwa mwandishi inapowezekana.

Zimebaki hoja mbili nzito za upande wa pili, na sitazikwepa. Ya kwanza ni Demon Slayer. Manga hiyo ya Koyoharu Gotouge ilianza mwaka 2016 na kupata wasomaji wa kawaida; mfululizo wake wa uhuishaji ulipoanza kurushwa kwenye televisheni mwaka 2019, mauzo yakapaa. Skrini iliwaleta wasomaji, sikatai. Lakini iliwaleta wapi? Iliwaleta kwenye hadithi moja, ya mtu mmoja, yenye juzuu 23 zilizohesabiwa kuanzia 1, yenye mwanzo na mwisho. Mtazamaji alijua anunue nini, na alichokinunua kilimtosheleza kama kitabu. Anayetoka kwenye filamu ya Marvel akaingia dukani hukuta majarida kumi ya mhusika mmoja, mengi yakiwa katikati ya mkasa ulioanza miaka mitatu nyuma. Demon Slayer inathibitisha kwamba kitabu kilichokamilika huwapokea wageni. Haithibitishi kwamba kitabu kipo kwa ajili ya wageni hao.

Hoja ya pili ni fedha: mchoraji ale nini kama si filamu? Waulizeni wachoraji na waandishi wenyewe. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman kwa dola 130. Walipata pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka na majina yao kurejeshwa mwishoni mwa 1975 tu, baada ya kuilalamikia kampuni hadharani huku filamu ya Superman ikiandaliwa. Ed Brubaker, aliyembuni Winter Soldier pamoja na Steve Epting, amesema waziwazi kwamba alilipwa zaidi kwa kuonekana kidogo ndani ya filamu kuliko kwa kumbuni mhusika ambaye filamu imebeba jina lake. Jim Starlin, baba wa Thanos, aliwahi kulalamika hadharani kuhusu malipo ya namna hiyohiyo. Filamu imewatajirisha wenye hakimiliki. Wachoraji wanaoishi vizuri kwa kazi yao ni hasa wale walioishika hakimiliki yao na kukiheshimu kitabu chao: Kirkman, Pilkey, Telgemeier, na wale saba walioondoka Marvel na kuanzisha Image mwaka 1992. Ukimfundisha kijana kwamba kitabu chake ni rasimu tu, umemfundisha kukiuza kwa bei ya rasimu.

Na somo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Kiswahili kina katuni zake zilizosimama bila kamera. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa magazeti Kenya kwa miongo. Kingo wa James Gayo aliijua Tanzania kuliko wanasiasa wake. Mchoraji Gado alimchora Abunuwasi mwaka 1996 chini ya Sasa Sema, mchapishaji wa Nairobi aliyethubutu kutoa vitabu vya katuni kwa Kiswahili. Shujaaz ilianza mwaka 2010 ikisambazwa bure kwa vijana wa Kenya, nao wakaipokea kama gazeti lao. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichosubiri ruhusa ya mtayarishaji wa filamu ili kiwe na maana kwa watu.

Leo njia za kusoma ni nyingi kuliko zamani. Tangu mwaka 2019 Shueisha ya Japani inatoa sura mpya za manga bure kwenye programu yake ya Manga Plus, kwa lugha kadhaa. Kiswahili bado hakimo. DC ilianza mwaka 2024 kutoa vitabu vidogo vya bei nafuu, chini kidogo ya dola 10, Watchmen ikiwa kimojawapo. Wachapishaji wetu wazitazame hizo kama fursa za haki za tafsiri, na zaidi ya hapo wawape mikataba wachoraji wetu, mikataba inayowaachia wachoraji hakimiliki zao. Wahariri wa kurasa za utamaduni waache kuandika habari za katuni siku ya uzinduzi wa filamu tu. Wazihakiki kama wanavyohakiki riwaya, kwa jina la mwandishi na jina la mchoraji. Na msomaji anayeulizwa "filamu yake inatoka lini?" ajibu kwamba kazi yenyewe imeshatoka, imekamilika, na inapatikana kwa anayetaka kusoma.